Mwongozo kamili: Kusanifu trei za mnara wa ukenekaji na kuzishikilia, kwa viwanda vya Nyanda za Juu Kusini

Mnara wa ukenekaji, yaani wa kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha, ukianza kutoa spiriti yenye maji, kitu cha kwanza kulaumiwa huwa boila, cha pili pampu. Trei, yale mabamba ya ndani ya mnara, hazionekani kwa nje, hivyo hukumbukwa mwisho, siku mnara unapofunguliwa na kukuta bamba mbili zimechomoka kwenye klampu na kuliangukia la chini yake. Mara nyingi hesabu ya mvuke na kimiminika ilikuwa sawa kabisa. Kilichoharibika ni namna bamba lilivyoshikiliwa, au usawa wake, au klampu chache zilizoachwa jioni ya mwisho kwa sababu gari la mafundi lilikuwa linasubiri. Ndiyo maana humu nimetumia nafasi kubwa kwenye chuma kuliko kwenye kemia.

Mwongozo huu ni kwa mhandisi wa kiwanda, fundi mchundo, na mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Ukanda wetu una kazi nyingi zinazoweza kuhitaji minara ya aina hii: kurudisha kiyeyushi baada ya kukamua pareto, kutenganisha tapentaini na utomvu wa paini za Sao Hill, kusafisha maji machafu ya kiwanda cha karatasi, kukeneka spiriti. Nitashika mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mnara wa spiriti utakaosimama Iyunga, Mbeya, ambamo kilo 9,000 za mvuke hupanda kila saa kwenye sehemu ya juu, na robo tatu ya mvuke unaopozwa kuwa kimiminika hurudishwa juu ya mnara. Namba ni za mfano, lakini hesabu ni halisi, na unaweza kuzirudia kwa kikokotoo cha simu.

Kwa ufupi, trei ni bamba lenye matundu. Mvuke hupanda kupitia matundu, kimiminika hutiririka juu ya bamba kutoka upande mmoja hadi mwingine, kinaruka kizingiti, kisha kinashuka kwenye mfereji hadi trei ya chini. Vikikutana, chenye kuchemka upesi hupanda na kizito hushuka. Kazi yote ya msanifu ni kuhakikisha vinakutana sawasawa katika kila sentimita ya bamba.

Anza na mwinuko wa mahali

Hapa ndipo michoro mingi inayotoka pwani au nje ya nchi inapokwama. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mafinga karibu 1,900, Njombe inakaribia 2,000. Kwa mita 1,700 mgandamizo wa hewa ni takriban kilopaskali 82.5, wakati Dar es Salaam ni 101. Maji huchemka karibu nyuzi 94, na ethanoli karibu nyuzi 73. Hilo la nyuzi kila mpishi wa Mbeya analijua kwa maharage yake. Linalosahaulika ni kwamba mvuke nao unakuwa mwepesi na kuchukua nafasi kubwa zaidi.

Katika mfano wetu, mvuke wa spiriti wa karibu asilimia 95 una densiti ya kilo 1.21 kwa mita ya ujazo Mbeya. Pwani ungekuwa na 1.47. Kilo zilezile 9,000 kwa saa ni mita za ujazo 2.07 kwa sekunde huku juu, na 1.70 kule chini. Mvuke unaopita kasi zaidi kwenye mnara uleule hubeba matone kwenda trei ya juu, na ukizidi, kimiminika kinashindwa kushuka na mnara unafurika.

Kwa hiyo kabla ya kununua mnara uliokwisha kutumika mahali pengine, au kuukubali mchoro wa mtu, uliza ulikokotolewa kwa mgandamizo gani. Mnara uliosanifiwa pwani ufanye kazi kwa asilimia 80 ya kiwango cha kufurika, ukiuleta Mbeya na kuupa kazi ileile utakuwa kwenye asilimia 88. Unaweza kufanya kazi, ila nafasi uliyojiwekea kwa siku ya povu au siku ya haraka imepungua karibu nusu.

Kipenyo

Tumia uwiano wa wahandisi Souders na Brown wa mwaka 1934, ulioboreshwa na James Fair mwaka 1961. Chukua densiti ya kimiminika, toa ya mvuke, gawanya kwa densiti ya mvuke; kasi ya mvuke inayofurisha ni sawa na kizio K mara kipeuo cha pili cha jibu hilo lote. K husomwa kwenye chati ya Fair kulingana na umbali kati ya trei na uwiano wa kimiminika kwa mvuke. Kwa umbali wa milimita 500 na kimiminika kidogo kama chetu, K ni karibu 0.09. Ukirekebisha kwa mvutano wa uso wa spiriti, ambao ni mdogo kuliko wa maji, unabaki na 0.088.

Densiti ya spiriti ya moto ni karibu kilo 752 kwa mita ya ujazo. Kasi ya kufurisha inatoka mita 2.2 kwa sekunde. Chukua asilimia 80 yake, yaani 1.76. Gawanya 2.07 kwa 1.76, unapata mita za mraba 1.18 za njia ya mvuke. Mfereji wa kushukia uchukue asilimia 12 ya eneo lote, hivyo eneo lote ni mita za mraba 1.34, na kipenyo ni mita 1.3. Hesabu hiyohiyo kwa pwani ingetoa mita 1.24. Tofauti ya sentimita sita inaonekana ndogo, lakini chuma kikishakunjwa na kulehemiwa huwezi kuirudisha.

Umbali wa milimita 500 unatosha kihesabu. Kama bajeti inaruhusu, mimi huweka 600, kwa sababu kuna mtu atatambaa humo ndani siku moja na spana mkononi. Zingatia pia kwamba umbali ukiongezeka mnara unarefuka, na upepo wa mahali kama Makambako unausukuma zaidi.

Matundu, kizingiti na mfereji

Ondoa mifereji miwili, wa kupokea na wa kushushia, unabaki na karibu mita moja ya mraba ya bamba linalofanya kazi. Asilimia 10 yake iwe matundu. Kwa tundu la milimita 5 hayo ni zaidi ya matundu 5,100 kwenye trei moja. Yapange kwa pembetatu, umbali wa kati hadi kati uwe mara mbili na nusu hadi mara nne ya kipenyo cha tundu. Yatobolewe kwa mashine ya kupiga, na kingo zake kali zisagwe. Fundi wa keekee ya mkono atachoka baada ya mia chache, na tundu litakuwa 5 hapa na 5.6 pale. Kimiminika chenye masalia ya mimea kikiacha utando, tundu la 5 litaziba upesi. Kwa kazi chafu nenda 10 au 12.

Mvuke utapita matunduni kwa mita 20 hivi kwa sekunde. Kiwango cha chini kabla kimiminika hakijaanza kudondoka kupitia matundu, kwa fomula ya Eduljee, ni karibu mita 11. Maana yake unaweza kushusha kazi hadi asilimia 60 na trei ikabaki salama, chini ya hapo inaanza kuvuja. Ukishawishika kuongeza matundu hadi asilimia 12 ili kupunguza mgandamizo, uhuru huo unaupoteza.

Kizingiti kiwe na urefu wa mita moja, kimo milimita 50. Ukingo wa chini wa ukuta wa mfereji ukae milimita 40 kutoka kwenye bamba, yaani chini kidogo ya kimo cha kizingiti, ili mvuke usipate njia ya mkato kupanda kupitia mferejini. Kimiminika kitasimama mferejini karibu milimita 190. Kikomo ni nusu ya jumla ya umbali wa trei na kimo cha kizingiti, yaani 275, hivyo tuko salama. Kinakaa humo sekunde 12, na tatu zingetosha povu kutulia.

Mizigo ambayo trei itabeba

Watu wengi hukokotoa uzito wa kimiminika tu. Milimita 64 za spiriti ni karibu kilo 48 kwa mita ya mraba, mzigo mdogo. Bamba la chuma cha pua la milimita 2 lina kilo 16. Kwa mzigo wa kazi weka kilo 100 kwa kila mita ya mraba ya bamba lenye matundu, na kilo 300 pale kimiminika kinapoangukia kutoka mferejini.

Mzigo unaoamua unene na mikunjo ni mtu. Weka kilo 135 kwenye sehemu yoyote, fundi pamoja na vifaa vyake, na usiruhusu bamba lipinde zaidi ya milimita 3. Kipande cha bamba chenye upana wa milimita 350 na urefu wa mita 1.2, kilichokunjwa kingo mbili kwenda chini milimita 60, kinapinda milimita moja tu kwa mzigo huo. Matundu yanapunguza uimara, lakini bado uko ndani. Kipande hichohicho bila mikunjo kingelala kabisa. Mikunjo ndiyo boriti yako, na kwa mnara wa mita 1.3 huhitaji nyingine. Minara inayozidi mita mbili na nusu hivi ndiyo hudai boriti kubwa ya kati. Kina cha boriti hiyo kisizidi sehemu ya tano ya umbali kati ya trei, la sivyo povu la chini linaigonga.

Sasa mzigo wa kwenda juu, ambao ndio unaobomoa. Maji yakijikusanya mahali pa chini wakati mnara umepoa, kisha yakakutana na mafuta au mvuke wa moto, lita moja hugeuka kuwa karibu lita 2,000 za mvuke kwa mgandamizo wa Mbeya. Kwa minara yenye hatari hiyo sanifu trei istahimili kilopaskali 7 kutoka chini, na pale hatari ilipo kubwa, 14. Kilopaskali 7 kwenye bamba letu ni sawa na kusukumwa na kilo 700. Uzito wa bamba na kimiminika chake haufiki 70. Kilichobaki chote kinabebwa na klampu.

Ringi, klampu na nafasi ya kutanuka

Ringi ya kubebea ilehemiwe ndani ya mnara: upana milimita 50, unene 8 unatosha kwa kipenyo chetu. Upande wa juu lehemu mfululizo ili kimiminika kisipite nyuma yake, upande wa chini lehemu kwa vipande. Mchomeleaji aruke kutoka upande hadi upande wa pili. Akizunguka moja kwa moja, joto linaivuta ringi na inainuka kama wimbi.

Bamba lenyewe usililehemu kwenye ringi. Kipupwe cha Mbeya asubuhi kinaweza kuwa nyuzi 8, na trei itafanya kazi karibu na nyuzi 100 ukishuka chini ya mnara. Chuma cha pua cha mita 1.3 kinatanuka karibu milimita 2 kwa mabadiliko hayo. Tena bamba ni jembamba, linapata moto kabla ya ukuta mnene wa mnara. Likibanwa kotekote litabinuka katikati au litakata lehemu. Liache likae juu ya ringi, liwe na nafasi pembeni, lishikwe kwa klampu kila milimita 150 hadi 200. Matundu ya bolti za kuunganisha vipande yawe marefu, si duara.

Bolti za M10 za chuma cha pua zina tabia ya kung'ang'ania nati zikikazwa kavu. Paka grisi ya kuzuia kung'ang'ania kwenye kila moja, na weka nati mbili pale penye mtikisiko. Usichanganye bolti za chuma cha kawaida na bamba la chuma cha pua ili kuokoa shilingi chache. Zitaliwa na kutu kwanza, na trei itabaki imekaa kwa uzito wake.

Panga vipande vipite kwenye mlango wa mnara. Mlango wa milimita 500 haupitishi kipande cha 520, na nimeona trei nzuri zikikatwa kwa grainda uwanjani kwa sababu hiyo. Kila trei iwe na kipande cha kati kinachofunguka kutoka juu na kutoka chini, ili mtu aweze kupita.

Usawa: hapa usiharakishe

Rudi kwenye kizingiti chetu. Kimiminika kinapita juu yake kwa kina cha milimita 14 tu. Kizingiti kikiinama milimita 6 kutoka ncha hadi ncha, ncha moja ina kina cha 17 na nyingine 11. Mtiririko hufuata kina kwa kipeo cha moja na nusu, kwa hiyo upande mmoja unapitisha karibu mara mbili ya mwingine. Nusu ya trei inaloa, nusu inapitisha mvuke mkavu, na hakuna kipimo chochote cha nje kitakachokwambia. Utaona tu spiriti haipandi daraja, na utaongeza mvuke, na hali itazidi.

Ringi, tofauti ya juu kabisa na chini kabisa isizidi milimita 3. Kizingiti, isizidi 1.5. Matundu ya bolti za kizingiti yafanywe marefu wima ili kiweze kupandishwa na kushushwa baada ya bamba kukaa.

Kipimo kinachoaminika kuliko vyote ni mpira wa maji, uleule wa mafundi ujenzi. Tumia mpira mwangavu, ujaze taratibu hadi mapovu yote yatoke, ncha moja ifungwe mahali pamoja, nyingine ipelekwe kwenye sehemu nane za ringi. Andika kila namba kwa chaki pembeni ya sehemu yake. Pimamaji ya mkono ina urefu mfupi mno kwa kazi hii, haioni wimbi la ringi.

Pima alfajiri, au siku ya mawingu. Sababu ni hii. Mnara wa mita 20 ukipigwa na jua upande mmoja, upande huo ukawa na nyuzi 10 zaidi ya kivulini, chuma kinatanuka upande mmoja na mnara mzima unapinda. Kileleni utahama karibu milimita 18, na trei ya juu itainama zaidi ya milimita 2. Jua la kiangazi la Mbeya baada ya asubuhi ya baridi linaweza kabisa kufanya hivyo. Ukipima saa tano mchana utakuwa unarekebisha kosa ambalo jioni halipo.

Kabla ya yote hayo, timazi. Mnara usiinamie zaidi ya milimita moja kwa kila mita. Kama ganda la mnara lilikunjwa Dar es Salaam na kupandishwa mlima Kitonga juu ya trela, pima kipenyo ndani kwa pande nne likifika, kabla ya kulisimamisha. Ganda lililolazwa siku nyingi kwenye vigingi viwili linakuwa yai. Dai lifungwe mihimili ya msalaba ndani kabla ya safari, na ringi zipimwe upya likishasimama, hata kama fundi wa kule ana karatasi ya vipimo.

Tuko pia kwenye ukanda wa bonde la ufa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa la ukubwa wa 7.4. Msingi na bolti za chini zikokotolewe kwa tetemeko na kwa upepo, na baada ya mtikisiko wowote unaohisiwa kiwandani, timazi irudiwe.

Kuingia ndani

Mnara uliowahi kufanya kazi ni nafasi fungwa, na mvuke wa spiriti ni mzito kuliko hewa, hukaa chini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu mwajiri moja kwa moja. Ziba mabomba yote kwa bamba, usitegemee vali. Pitisha hewa, pima oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, pima gesi inayowaka, na mtu mmoja asimame mlangoni muda wote bila kazi nyingine. Funga trei kuanzia chini kwenda juu. Kila trei ikikamilika, mtu asiyeifunga ahesabu klampu, aguse kila nati kwa spana, kisha aondoe vifaa na vipande vya chuma. Elektrodi moja iliyosahaulika mferejini inatosha kuziba njia.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Pitisha maji kutoka juu uone kama yanashuka trei hadi trei, kisha yatoe yote, hasa ya kwenye vikombe vya chini ya mfereji, ambavyo lazima viwe na tundu dogo la kumwagia. Pasha moto polepole. Usifungue vali ya mvuke kwa ghafla hata kama uzalishaji unakusubiri.

Weka kipimo cha tofauti ya mgandamizo kati ya chini na juu. Katika mfano wetu kila trei inatoa karibu kilopaskali 0.95, hivyo trei 30 ni karibu 28 kwa kazi kamili. Andika namba halisi ya siku ya kwanza, kwa mzigo kamili na kwa asilimia 60, na uibandike chumba cha waendeshaji. Ikipanda wakati mvuke haujaongezeka, kuna matundu yanaziba au mnara unaanza kufurika. Ikishuka ghafla kwa kilopaskali moja au mbili na ubora ukashuka nayo, kuna trei imeondoka mahali pake. Simamisha ufungue mapema, maana ile ya juu yake nayo sasa inabeba mtikisiko isiosanifiwa kuubeba. Ukiingia, anza kwa kuangalia klampu: zilizobinuka kwenda juu zinaonyesha mvuke ulisukuma ghafla, zilizolegea bila kubinuka zinaonyesha nati zilijifungua kwa mtikisiko, na kila hali ina dawa yake.